Wimbo wa Watu wa Chini

Mliponiaga mlinipa saa kubwa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni na inafanya kazi vizuri, ingawa bado sijaelewa mtu aliyestaafu anaharakishwa aende wapi. Mkaniomba pia niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi, hasa ile ya wakimbizi, kwa sababu wengi wenu hamkuwepo, au mlikuwepo mkiwa mgongoni mwa mama zenu. Haya basi. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja vyenyewe na havikunifundisha kitu. Nitaandika juu ya sauti, ndiyo niliyoifanyia kazi, na juu ya kosa moja kubwa ambalo lilikuwa langu peke yangu.

Nimezaliwa Ngara mjini, nyuma ya duka la baba yangu. Wazee wake walipanda huku kutoka pwani na bidhaa zao wakasahau kurudi. Baba alitengeneza redio, na mimi nilijua kushika chuma cha kulehemu kabla sijajua kusonga ugali, jambo ambalo mama hakulisamehe mpaka alipofariki. Wakimbizi walipofika na kambi zikajaa, kilianzishwa kitengo kidogo cha video cha kutengeneza michezo ya kuelimisha watu juu ya kipindupindu, kuni, maji na ujirani. Wakatafuta fundi sauti. Wenzangu walikuja na vyeti. Mkuu wa kitengo, Bwana Deo, alituwekea mezani rekoda mbovu, akatuambia mwenye kuifufua ndiye wetu. Niliifufua kwa pini ya mtandio wangu na tone la risasi ya kulehemia. Akaitazama ile pini, akanitazama mimi, akasema, "Kesho saa moja asubuhi, Bi Zuhura. Pini uje nayo."

Siku ya kwanza nilitumwa Nemba, upande wa Biharamulo, kumrekodi mkulima mmoja akieleza namna ya kuchimba choo. Nilirudi nimejaa vumbi na fahari. Bwana Deo akavaa visikizio, akasikiliza kaseti nzima bila kupepesa macho, kisha akavivua taratibu.

"Upepo umezungumza vizuri sana," alisema. "Sasa yule mkulima yuko wapi?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye akainama, akavua kiatu, akavua soksi, akaivisha maikrofoni yangu. "Usiogope, nimeivaa leo tu." Soksi ile ilikinga upepo kwa miaka, ikafuliwa mara nyingi kuliko soksi yoyote mkoani Kagera. Leo mna sponji maalumu zenye manyoya, na mkizisahau ofisini mnarudi mikono mitupu. Soksi haisahauliki, unakwenda nayo mguuni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa na gari, jenereta, deki ya video, spika mbili na televisheni moja. Televisheni hiyo ilikuwa ya ukubwa wa kawaida wa sebuleni, na watu waliokuja kuitazama walikuwa kijiji kizima. Kambini tulionyesha alasiri ndani ya hema kubwa lililozibwa kwa maturubai meusi ili picha ionekane, na Keza, kijiji cha wenyeji jirani na kambi, tulionyesha kwenye darasa la shule ya msingi, madirisha yakiwa yamefunikwa mablanketi. Safu tatu za mbele waliona sura. Safu zilizofuata waliona rangi. Waliobaki waliona vichwa vya wenzao. Ndiyo maana Bwana Deo alikuwa na sheria moja tu kazini, nayo ni "wa nyuma kwanza." Kabla ya onyesho alinipeleka mwisho kabisa wa hema, akanigeuza uso kwenye turubai, akaniuliza, "Unaelewa kinachoendelea?" Nikisema sielewi, mchezo haukutoka.

Sasa nifike kwenye gemu. Kulikuwa na mhandisi wa maji, mgeni, aliyekaa nasi miezi michache. Alipoondoka aliacha kwenye kompyuta ya ofisi gemu la vita baina ya vijiji viwili vinavyogombea chemchemi, wekundu na wabuluu. Bwana Deo, mtu mzima mwenye wajukuu, akanasa. Kila baada ya chakula cha mchana aliketi pale kulinda chemchemi isiyo na maji. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikilehemu nyaya, mgongo wangu kwake, na siku moja nikamwita, "Mkuu, wekundu wanakuja!"

Kichwa chake kikatokea mlangoni. "Umejuaje? Uko huku."

"Nimewasikia. Wekundu wana wimbo wao, na wabuluu wana wao. Wimbo unaanza kabla hawajatokea."

Alisimama pale muda mrefu, wekundu wakimmaliza kule nyuma bila upinzani. "Zuhura," akasema, "wewe ndiye mtu wa nyuma."

Hapo ndipo ulipozaliwa mchezo wetu wa sehemu sita. Gemu likageuka mchezo wa televisheni. Watu wa Juu na Watu wa Chini wanagombea chemchemi moja, na kila upande una wimbo wake, ili hata aliyekaa nyuma ya nguzo ajue ni nani ameingia. Shida ilikuwa ya kweli, si ya kompyuta. Kati ya kambi na Keza palikuwa na chemchemi moja iliyojengewa mabomba, wakimbizi na wenyeji wakichota foleni moja, na asubuhi haikupita bila ndoo kurushwa. Tulitaka sehemu ya sita imalizike kwa zamu zilizopangwa vizuri, watu waige.

Bwana Deo alikuwa mwangalifu kama mtu anayebeba mayai. Hakutaka yeyote aseme Watu wa Chini ndio wakimbizi au Watu wa Juu ndio wenyeji. Waigizaji aliwachanganya pande zote, nguo akawavalisha za aina moja, na wote wakazungumza Kiswahili cha shuleni. Kosa pia akaligawa sawa. Sehemu ya pili Watu wa Chini wanaziba chemchemi, sehemu ya nne Watu wa Juu wanavunja mabomba. Muziki akaniachia mimi.

Nilimpata kambini Mzee Bucumi, mkimbizi kutoka Burundi. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alipiga ikembe, kile kisanduku chenye vyuma vya kubofya kwa vidole gumba. Cha kwake alikitengeneza mwenyewe. Vyuma vilikuwa mbavu za mwavuli uliokufa, na sanduku lilikuwa debe la mafuta ya mgao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuchukua sauti? Zipo nyingi. Hapa hatuna kuni, lakini sauti zipo."

Alinipigia nyimbo kama saba. Mmoja ulikuwa mfupi, unapanda hatua nne na kushuka tatu, ukiusikia mara moja unautembeza kichwani siku nzima. Nikasema, huu. Akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa mchezo. Akatabasamu, akaupiga mara tatu, nikaurekodi. Kwa upande wa pili nikatafuta mlio tofauti kabisa, maana ikembe mbili zingewachanganya wa nyuma. Nikaenda Keza kwa Sabini, mfuga mbuzi ambaye filimbi yake ilijulikana vilima vyote vya jirani. Alinipa wimbo mrefu wa kurudisha mbuzi nyumbani. Watu wa Chini wakapata ikembe, Watu wa Juu wakapata filimbi. Nilijipongeza, nikanywa chai mbili.

Mnaona kosa? Mimi sikuliona. Mkuu aliwavalisha wote nguo moja, na mimi nikaja kuwavua kwa muziki. Hapakuwa na mtu Keza asiyeijua filimbi ya Sabini, na hapakuwa na mtu wa foleni ile asiyejua kwamba ikembe ya debe inatoka kambini. Nilizaliwa wilaya hiyohiyo, lakini nilikuwa mtoto wa dukani. Kihangaza changu, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha sokoni, salamu na bei, na muziki wa vilimani kwangu ulikuwa mlio mzuri tu.

Sehemu ya kwanza ilipendwa. Sehemu ya pili, Watu wa Chini walipoziba chemchemi, darasa la Keza lilizomea mpaka mablanketi yakaanguka. Wa nyuma ndio waliozomea zaidi. Hawakuona kitu, lakini ikembe ikilia tu, "Huuuu!" Bwana Deo alinipa mkono. Tulidhani tumefaulu, na kwa kweli tulikuwa tumefaulu kupita kiasi.

Baada ya sehemu ya tatu nilikwenda chemchemini kurekodi milio ya ndoo. Wanawake wa kambini walipotokea njiani, watoto wa Keza wakaanza mluzi, hatua nne juu, tatu chini. Kina mama wa foleni wakacheka. Nami nikacheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu ni raha kusikia kazi yako ikipigwa mluzi. Kisha Mzee Bucumi akaja na ndoo yake. Foleni nzima, wakubwa kwa wadogo, ikampigia mluzi wimbo wake mwenyewe. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mwenyewe! Mzee wa waziba maji!"

Aligeuza ndoo tupu, akarudi alikotoka. Nikazima rekoda yangu.

Nilimfuata jioni ile. Ikembe ilikuwa imefungwa ndani ya gunia na kuwekwa juu ya dari ya turubai. Mke wake alinipa kigoda.

"Mzee, nisamehe. Sikujua."

"Hukuuliza, mwanangu." Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Wimbo ule niliutunga njiani, tukija huku. Siku nne, na wajukuu wawili wadogo. Niliupiga ili watembee wasione urefu wa njia. Walifika wote. Sasa umekuwa wimbo wa kunizomea majini. Sitaupiga tena. Wala mwingine."

Asiyeuliza hana ajifunzalo, nilifundishwa hivyo darasa la pili, na bado nilikuwa mkubwa mzima nimekaa kwenye kigoda nikilia mbele ya watu. Kazi hii imenipa aibu nyingi, lakini hiyo ndiyo peke yake inayoniamsha. Nilikuwa nimechukua kitu kizuri kuliko vyote alivyobakiwa navyo yule mzee, nikakichafua, na nilitaka kukirudisha safi.

Kesho yake afisa mmoja wa wilaya alikuja ofisini. Watoto wa kambini nao walikuwa wameanza kuwapigia wa Keza mluzi wa mbuzi. Akasema kwa upole kwamba onyesho lijalo likileta ugomvi mwingine, mchezo wetu utakoma hapohapo. Bwana Deo alimsindikiza, akarudi, akaketi.

"Tutoe muziki wote," alisema.

"Ukitoa sasa, Mkuu, wataendelea na huohuo walio nao. Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee atabaki mzee wa waziba maji mpaka anakufa."

"Unataka nini basi?"

"Tubadilishane. Sabini apige wimbo wa Mzee Bucumi kwa filimbi. Mzee apige wimbo wa mbuzi kwa ikembe. Filimbi na ikembe zote ziwe za pande zote mbili, sehemu ya nne mpaka ya sita."

Alinitazama kana kwamba nimeishiwa akili. "Wa nyuma hawataelewa chochote!"

"Ndiyo, Mkuu."

Kile kicheko chake cha mtu aliyeshindwa na kompyuta kikaanza kumtoka pole pole. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuvunja sheria yake.

Iliyobaki ilikuwa kumrudisha mzee, na hapo mimi sikuwa na uwezo. Nilikwenda Keza kumwomba Sabini. Alikuwa akikamua mbuzi, na alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Mama, mimi ni mtu wa firimbi, mambo ya terevisheni siyajui," alisema. "Lakini huyo mzee sikumpigia mruzi mimi. Nirikuwa na mbuzi." Akaosha mikono. "Twende."

Tukaenda kambini kwa miguu, yeye mbele na filimbi mkononi. Mzee Bucumi alipotuona alitaka kuingia ndani. Sabini akamsalimu kwa Kihangaza, mzee akaitikia kwa Kirundi, na tangu hapo mimi nikawa mgeni wao wote wawili. Lugha zile ni ndugu. Walizungumza, wakaelewana, mzee akasema kitu, Sabini akapiga paja lake kwa kicheko. Nikauliza, "Anasemaje?" Sabini akajibu, "Hakuna kitu, mama." Baada ya miaka yote hii bado nataka kujua kile ambacho hakikuwa kitu.

Kisha Sabini akaweka filimbi mdomoni, akaanza wimbo wa siku nne. Aliukosea. Alipanda hatua tano. Mzee Bucumi akakunja uso, akatikisa kichwa. Sabini akarudia, akakosea palepale. Mpaka leo nashuku alikusudia. Mara ya tatu mzee hakuvumilia. Hakuna fundi awezaye kuketi akitazama kazi yake ikiharibiwa. Akasimama, akapapasa juu ya dari, akashusha gunia.

"Si hivyo," alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Mtoto ataanguka ukipanda tano. Nne. Sikiliza."

Walifundishana mpaka mbuzi wa Sabini wakaanza kutafutwa. Maikrofoni yangu ilikuwa imevaa soksi, kaseti inazunguka, na mimi nilishika visikizio kwa mikono miwili.

Sehemu ya nne tulionyesha Keza kwanza. Afisa alikaa mbele. Safari hii, kwa kibali tulichokiomba, Mzee Bucumi alikuja, tukamketisha nyuma kabisa pamoja na Sabini, na mimi nikasimama karibu yao. Televisheni ikawaka. Wanaume wakaonekana wakishuka na mashoka kuvunja mabomba, na ikembe ikalia.

"Huuuu!" wakazomea wa nyuma.

"Mnamzomea nani?" wakageuka wa mbele. "Hao ni Watu wa Juu!"

"Mbona ni ikembe?"

"Ikembe, lakini inapiga wimbo wa mbuzi!"

Halafu filimbi ikaingia, filimbi yao wenyewe ya Keza, ikipiga hatua nne juu na tatu chini. Wengine wakashangilia, wengine wakazomea, wakakatizana, wakanyamaza. Wa nyuma wakadai waelezwe, wa mbele wakaanza kueleza na wao wenyewe wakapotea. Katikati ya vurugu hiyo akasimama bibi mmoja, fimbo mkononi. Nilimtambua. Alikuwa mama mzazi wa yule aliyepaza sauti kwenye foleni, na kelele naona alizirithi kwake.

"Haya, simamisheni hicho kitu!" akapaza sauti. "Sasa mimi nimzomee nani?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Afisa alifuta machozi kwa karatasi za ofisi. Sabini akamwonyesha mzee kwa kidole, akamwambia bibi, "Muzomee huyu, bibi, ndiye ameupiga wimbo wa mbuzi wangu." Na mzee akamwonyesha Sabini, "Basi na huyu, ameupiga wa wajukuu wangu." Bibi akauliza, wajukuu gani? Mzee akamweleza, pale pale, kwa Kirundi, habari ya siku nne na watoto wawili. Mimi nilielewa kidogo, lakini darasa lilielewa lote, na kicheko kikatulia polepole. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu, nalo nikalielewa, "Walifika?" Mzee akajibu, "Ego." Ndiyo, walifika.

Tulirudisha kaseti mwanzo, tukaonyesha upya. Hapakuwa na aliyezomea.

Sitawadanganya kwamba ndoo hazikurushwa tena. Zilirushwa, lakini bila muziki. Zamu za maji zilipangwa, na Mzee Bucumi akachota yake Jumanne na Ijumaa. Miaka ilipita, kambi zikafungwa, malori yakawarudisha watu kwao. Aliondoka na debe lake kwapani, akaniachia ubavu mmoja wa mwavuli. Upo mezani hapa nikiandika. Bwana Deo naye alishatangulia, Mungu amrehemu, na ninyi mna vioo vikubwa vya kuonyeshea, hamna watu wa nyuma tena. Ndivyo mnavyodhani.

Wiki iliyopita, sina la kufanya na saa inanitazama, nilipanda pikipiki mpaka Keza kuiona chemchemi. Kwenye njia ya mlimani nilikutana na mama mmoja kijana, ndoo kichwani, mtoto wa kike akivutwa kwa mkono. Mtoto alikuwa amegoma kutembea. Mama akaanza mluzi, nne juu, tatu chini, na miguu ile midogo ikafuata.

Niliuliza. Sasa huwa nauliza. "Mwanangu, wimbo huo ni wa wapi?"

"Shikamoo mama. Ni wa hapa hapa," akasema, bila kusimama. "Wa Keza, wa zamani. Bibi yangu alisema ni wa kumtembeza mtoto asione njia."

Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Nikasogea pembeni ya njia, wakapita.